Sakafu ya Benki, Chake

Muuzaji kashusha madumu:
nta ya kupaka, dawa ya kuivua,
na mashine ivumayo kama nyigu chupani.
"Bi Mize, wewe chagua mng'aro wako."

Nikapaka nta, mara tatu.
Taa za darini zikashuka chini, zikakaa.

Asubuhi, siku ya malipo ya karafuu,
Asaa Makame, tope la Mgelema mguuni,
kasita mlangoni.
Kavua ndara, kazishika mkononi,
akanyata kandokando ya ukuta
kama mwizi
wa hela zake mwenyewe.

Usiku ule nikaivua nta yote.

Sasa ni kitambaa chepechepe, maji vuguvugu,
sabuni kiduchu.
Sakafu yang'ara kiasi,
kama uso uliotoka kutawadha,
na Asaa huingia na ndara zake,
pwata, pwata,
mpaka dirishani.