Jozi ya Kisima

Nyumba ina vyumba viwili.
Ndugu wanne wamebanana kimoja, wanapeana joto;
wa tano, mfupi, mnene, kajitenga chake,
na bila yeye hakuna kinachoshikika.
Umetegua? Ndiyo glavu ya Rucava,
na Dzidra alifuma jozi themanini na saba kabla ya kuolewa.

Alianza na miaka saba, juu ya kigoda,
sindano tano, sufu ya kondoo aliyemjua kwa jina,
mwanga wa kibanzi cha msonobari kinacholia utomvu.
Shangazi Lavīze alimhesabia:
nyeupe mbili, nyekundu moja, nyeupe, nyekundu,
nyota ina pembe nane, mtoto wee.
Jozi ya kwanza ikatoka na saba.
"Fumua."
Hakufumua. Aliificha chini kabisa ya kasha.

Siku ya harusi kasha likapakiwa kwenye gari lisilo magurudumu,
theluji ikilalama chini yake.
Mkono mtupu haulambwi: bi harusi aligawa.
Jozi kwa mkwe, kwa kila wifi na shemeji,
kwa aliyeshika hatamu; jozi juu ya kizingiti,
juu ya pembe za ng'ombe, juu ya mzinga wa nyuki,
kwenye mtufaha uliosimama uchi.
Mama mkwe nyuma yake, anaokota, anakagua kwa ukucha.
Walipofika kisimani ilibaki moja tu.
Dzidra akaiweka ukingoni, macho chini.
Mkwe akaigeuza, nje ndani, ndani nje.
"Hii ya kisima," akasema. "Usimpe mtu."

Zile nzuri wanaume walizichomeka mkandani siku za kanisa,
mikono yao mitupu, myekundu kwa baridi,
ili majirani waone kazi.
Nondo wakala zao. Nyingine zikawa unga mwaka wa vita.
Moja mkwe alizikwa nayo.

Ya kisima ilivuta kamba iliyoganda,
ikafungua zizi usiku ng'ombe akizaa,
ikatoboka kiganja, ikafumwa, ikatoboka.
Dole gumba la kulia ni la tatu sasa, la kijivu,
sufu ya kondoo nisiyemjua.

Kisima siku hizi kina pampu,
na asubuhi hii chuma chake kinang'ata ngozi kama mbwa.
Navaa. Wanne wanaingia chumbani,
wa tano anapapasa, anatafuta mlango.
Nahesabu pembe kama nilivyohesabu utotoni,
nikitumaini bibi alikosea kuhesabu, si kufuma.
Saba.
Ndoo inajaa.