Kushoto Hufunguka Kinyume

Ilianza kama panya ukutani: kri, kri,
kila mguu wa kulia ulipofika chini.
Nikasema ni kiatu. Nikasema ni goti,
maana goti langu nalo lina miaka hamsini na miwili
na halijawahi kutiwa grisi.

Lakini goti halilegei kama jino bovu.
Niliishika pedeli kwa vidole viwili, nikaitikisa.
Ikanijibu.

Hapa Blaenau mvua hainyeshi, inaishi.
Inashuka mlimani na unga wa sleti
kutoka vifusi vya machimbo yaliyokufa,
unga laini, wa kijivu, hauna haraka,
hujipenyeza popote penye kuzunguka.
Babu yangu ulimwingia mapafuni.
Mimi umeniingia kwenye beringi.
Si haba.

Beringi mpya nne zilikuja kwa posta,
na posta ya mtaa huu ni mimi.
Alhamisi nilijipelekea bahasha mlangoni kwangu,
nikaitumbukiza, nikaingia ndani kuiokota,
nikajishukuru kwa Kiwelisi.

Jumapili. Meza ya jikoni, gazeti la juzi,
spana namba kumi na tano, nyundo,
mafuta ya taa kwenye kopo la jemu.
Beringi zimelala kwenye friza kando ya njegere
zinywee kidogo, ziingie bila ugomvi.

Pedeli ya kulia ilitoka kama mtoto mtiifu.
Ya kushoto ikagoma.
Nikavuta. Nikaipanda spana kwa mguu.
Nikaiita majina ambayo mama, angekuwa hai,
angenisugua ulimi kwa sabuni.
Nusu saa.
Ndipo jirani yangu Idwal, aliyekuja kurudisha ngazi,
akasimama mlangoni, akatazama weee, akasema:
"Nesta, hiyo unaikaza."

Kushoto hufunguka kinyume.
Nilijua. Miaka thelathini juu ya baiskeli, nilijua.
Mkono ndio uliosahau.

Ndani mlikuwa na uji wa kutu.
Nati ndogo, mhimili ukachomoka,
nikazigonga beringi kuukuu zikaanguka gazetini
juu ya uso wa mtu aliyeshinda uchaguzi.
Moja niliiweka sikioni, nikaizungusha:
mchanga unatafunwa.
Hivyo ndivyo nilivyopanda milima mwaka mzima,
nikitafuna mchanga, nikilaumu uzee.

Mkono mtupu haulambwi, wanasema.
Wangu umejaa grisi hadi kiwikoni
na paka ameunusa, akaenda zake.

Beringi ya kwanza niliipiga nyundo kwa pupa,
ikakaa upande kama kofia ya mlevi.
Nikaitoa. Nikaanza upya, bila nyundo:
bolti ndefu, washa huku, washa huku,
robo mzunguko, pumzi,
robo mzunguko,
mpaka ikasema *tk* na kutulia.
Nati ya mwisho ndiyo yenye hila.
Ukiiacha ilegee, pedeli itacheza.
Ukiikaza kwa hasira, itakufa imesimama.
Hakuna kipimo; ni kidole tu, na subira ya kidole.

Saa kumi simu ikalia. Mabli, kutoka Swansea.
Tangu Pasaka, tangu alipoacha chuo,
kila Jumapili namweleza, namweleza tena,
naye kila Jumapili anazidi kunyamaza.
Nilikuwa nimeshafungua mdomo.
Spana ilikuwa bado mkononi.
Nikaiweka chini.

"Hebu niambie," nikasema, "huko kazini kukoje?"

Akaongea dakika arobaini. Kuhusu mikate.
Kuhusu tanuri linalowashwa saa tisa usiku,
na bwana mmoja mzee anayenunua andazi moja kila siku
na kulalamika kwamba ni dogo.
Nilikuwa naizungusha pedeli kwa kidole gumba
huku nasikiliza. Haikutoa hata mnong'ono.

Sasa ni usiku. Mvua iko nyumbani kwake, dirishani.
Baiskeli imeegemea jokofu, pedeli zote mbili kimya,
na hapa mezani, juu ya gazeti,
imebaki washa moja ya chuma
ambayo sijui, wallahi sijui,
ilitoka wapi.