Mafundi Sita

Duka la Chengo liko ghorofa ya pili,
juu ya wauza leso, Barabara ya Biashara,
ngazi zake nyembamba zanuka gundi na nyaya zilizoungua.
Nilipanda na Fauz. Chengo akamwamkia Fauz.
Akamvutia Fauz kiti.

Akatoa visanduku viwili, akavilaza juu ya kioo
kama mwenye kuonyesha pete za posa.
"Prosesa hii," akamwambia Fauz, "ina viini kumi na sita.
Hii nyingine sita tu. Kijana, chagua uanaume wako."

Mimi nimekaa na mkoba mapajani,
ndani yake Januari yangu nzima: sare za skuli mbili,
kola mia tatu na ushei,
noti nimezifunga kwa kipande cha drili.

Nikauliza: hicho cha kumi na sita hula wati ngapi?
Chengo akamjibu Fauz.

Nikasema, hebu nisikize, mwanangu.
Pale kwangu Bondeni niliwahi kuweka mafundi wanane.
Mkataji alikuwa mmoja, Msellem, na mkasi wake mzito.
Wanane wakakaa sindano juu, wapiga soga,
wangoja kitambaa kishuke mezani.
Ijumaa nikawalipa wote.
Sasa ni gemu gani hiyo
itakayowapa uzi wote kumi na sita?
Nijuavyo, nyingi huwatuma wanne, watano,
waliobaki wanakunywa chai.
Nipe wale sita wenye mkono mwepesi.
Pesa itakayosalia, niongezee mkataji:
kadi ya michoro, ile ya rafu ya juu, usinipe ya vumbi.

Chengo kimya.
Feni ya dari ikazunguka, ikakwama, ikazunguka.

Tena kuna joto. Wewe wakujua Majengo mwezi wa Machi,
ukuta wenyewe hutoka jasho.
Hicho kikubwa kitapanda digrii tisini,
kisha kijipunguze mbio chenyewe
kama punda aliyegoma mlimani,
na tokeni za stima ziishe kabla ya adhana.
Nitakuwa nimenunua mbio, au nimenunua jiko?

Hapo ndipo aliponitazama.
"Mama, huyu kijana ana bahati.
Wenzake mama zao huuliza bei tu."

Fauz alicheka mpaka akashika meza.
"Mimi hata sichezi," akasema. "Nimekuja kubeba."

*

Saa sita ya usiku. Cherehani nimeifunika shuka.
Hedifoni juu ya ushungi, miguu ndani ya beseni la maji.
Mmoja ajiitaye Papa wa Nyali
aniuliza kwa hasira: wewe mtoto wa nani,
mbona watupita kila kona?

Simjibu. Nakata kona nyingine.
Chini ya meza mafundi wangu sita wanashona,
wala hakuna
aliyekosa uzi.