Huenda

Mahakamani Milwaukee, theluji inayeyukia viatuni.
Bi Wanda Przybylska, miaka sabini na minne,
anapanga mezani chupa kumi na moja, tupu.
Kila moja dola tisini. Januari
alizima joto la chumba cha kulala
ili alipie ya kumi.

Picha ya kibandikoni inatabasamu:
"Nina sabini!" Jana mwenyewe alikula kiapo:
ana thelathini na mbili, na ngozi ni ya kuzaliwa.

Wakili wa kampuni ana ulimi wa asali.
"Tusomee, mama."
"Vinarudisha ngozi ya ujana."
"Kuna neno kabla ya hapo. Herufi ndogo."
Anavua miwani, anavaa nyingine,
anaisogeza chupa hadi puani
kama anayenusa maziwa ya juzi.

"Huenda," anasema.
"Kwa sauti, tafadhali."
"Huenda!"
Wakili anageukia baraza, kifua mbele.

Bi Wanda hajamaliza.
"Ujana huenda, mwanangu.
Hilo nililijua bure."

Karani ameinua kalamu;
hajui aandike huenda ipi.