Maharagwe ya Pani Yadviga

Babu yangu Kihwelo hakusoma darasani.
Alisomea dirishani, mzigo wa kuni bado kichwani,
kambi ya Wapolandi, Ifunda, mwaka wa vita,
Juni ile ukungu ulipolala mpaka saa nne
na maji ya ndoo yakaota ngozi kama uji.

Ndani, Pani Yadviga hana kitabu.
Vitabu vilibaki kwenye theluji, pamoja na mume.
Ana sakafu ya udongo, ana kipande cha mkaa,
ana watoto arobaini walionyolewa kwa ajili ya chawa,
na kibaba cha maharagwe alichokopa jikoni.

"Huyu," akaweka moja jekundu, "ni mtawala Bolko.
Ana wana watano." Akaweka matano.
"Alipokuwa anakata roho aliikata na nchi,
kila mwana na pande lake, wasije wakauana."
Akapuliza vumbi.
"Wakauana."

Maneno hayo babu aliyapata baadaye,
alipompelekea kuni, kwa Kiswahili cha kuokoteza.
Lakini haragwe likimsukuma mwenzake
nje ya mstari wa mkaa,
hilo linaeleweka hata kwa Kihehe.

Kulikuwa na Leshko Kipara, na Pshemko Miguu ya Korongo,
na mmoja aliyeitwa Mkubwa, ambaye hakufika kifuani pa farasi.
Binamu alimfungia binamu mnarani,
mjomba akamtoboa mpwa macho,
kisha wote wakakutana arusini, wakala nguruwe mmoja,
maana bibi arusi ni dada wa huyu, shangazi wa yule,
na mjane wa yule wa tatu, aliyekufa ghafla baada ya chakula.
Ndugu wakigombana, tunasema, chukua jembe ukalime.
Na kama wanaligombea shamba lenyewe,
utalima wapi?

Ajabu, walilima. Waliotesha miji.
Kila mtawala wa bonde moja alitaka soko lake,
akawaita wageni, akawapa barua yenye lakiri,
msitu wa kufyeka, miaka kumi bila kodi.
Pani akavuta uzi wa sweta, akapima:
uwanja wa mraba, njia mbili kila pembe,
kanisa likae kando kidogo
kengele isije ikagombana na mnada.
Babu alisahau kuni zinamuumiza shingo.

Meupe yalikuwa mabinti.
Hayo aliyatoa nje ya mstari, moja moja,
ng'ambo ya milima, ambayo ilikuwa shali yake.
"Huyu ameolewa mbali, amekwenda na mji mzima."
Amekwenda na mji? Babu alishangaa mpaka uzeeni:
kwao binti anaondoka na ng'ombe,
badala ya ng'ombe kuja?

La mwisho alilishika, hakuliweka.
Wa kwake alikuwa na miaka sita.
Alimzika Uajemi, njiani,
katika mchanga usioweza kutamka jina lake.
Kengele ikalia. Watoto wakatoka wakikimbia.
Ngumi ya Pani ilikuwa bado imefungwa.

Malori yalipowachukua, alimwachia babu kibaba.
Msinitazame hivyo, hakuyapanda.
Mwezi wa pili ule ulikuwa wa njaa; waliyala na majani ya maboga,
yakaisha.

Mimi ni mpima ardhi wa halmashauri.
Wiki iliyopita niliitwa juu ya Kibena,
ndugu saba, ekari tatu, na mapanga
waliyosema wamekuja nayo kukata nyasi.
Mashine yangu ilishika satelaiti kumi na moja
na haikumshika mtu hata mmoja.
Nikaomba maharagwe.
Nikachora kwa mkaa, nikayapanga saba, mekundu,
wakainama, wakaanza kucheka, wakasogezana kwa vidole.

Dada yao, aliyeolewa Makambako,
alikuwa amesimama kizingitini na kikombe cha chai
ambacho hakuna aliyekipokea.
Nikalitafuta moja jeupe,
nikaliweka ndani ya mstari.

Kicheko kikakatika.
"Na hilo," akauliza kaka mkubwa,
"la nani?"