Mwizi wa Lita Tatu

Walinikuta kabla sijafungua kufuli la garaje,
hapa Esansi, mtaa wenye jina la kitu kinachotugombanisha.
Mama Nankafu mbele, kitenge amekikaza kama mtu aendaye kortini.
Nyuma yake Cirhuza, shofa wa mchana.
Nyuma kabisa Zihalirwa, wa usiku.

"Fundi, gari ni moja. Njia ni moja, Nyawera hadi Panzi.
Kadafi anayetuuzia ni yule yule, na bidoni yake ya njano.
Mbona zamu ya huyu inakunywa lita tatu zaidi?
Anamuuzia nani?"

Zihalirwa alitazama viatu vyake.
Mtu akiitwa mwizi hadharani
hajui mikono aiweke wapi.

Nikavuta kijiti cha mafuta,
nikakifuta kwa shati ambalo mume wangu alilivaa siku ya harusi,
nikakichovya tena.
Mafuta ya wiki tano tu, na tayari meusi
kama kitako cha sufuria ya maharage,
mepesi, yanateleza juu ya ukucha kama maji.
Nikayanusa. Esansi imo ndani.
Nikamwambia mama: niachie siku moja, na usiku wake.

Mchana nilikaa nyuma ya Cirhuza.
Anapanda Kadutu kama aliyebeba trei ya mayai,
anabadili gia kabla injini haijalalamika,
anaachia mguu akiliona shimo kwa mbali,
si akiwa ndani yake.
Abiria wawili walisinzia.

Usiku, Zihalirwa.
Aliwasha gari la baridi, akalikanyaga hapo hapo,
mafuta bado yamelala chini, vyuma vinasagana vikavu.
Nilisikia meno yangu yakiuma.
Akakanyaga mlimani, akakanyaga mteremkoni,
akafunga breki puani pa shimo, akakanyaga tena.
Na kila breki ya ghafla ni esansi uliyokwisha kuilipia
ukaimwaga mtaroni.
"Unakimbilia wapi, ndugu yangu?"
"Sikimbilii, mama fundi. Ninakimbia."
Akanionyesha kona kwa kidevu. Taa hakuna.
"Hapo ndipo Bisimwa alipovuliwa gari na viatu."

Tukafika kwenye mlango wa hospitali,
tukangoja watu wa wagonjwa, kuanzia saa sita hadi saa nane,
injini ikinguruma bure,
moshi ukipanda, sindano ya esansi ikishuka,
gari halijasogea hata hatua ya kuku.
"Zima."
"Nikizima, nani atanisukuma saa hizi?"
Akafungua boneti, akawasha tochi ya simu:
betri imefungwa kwa mpira wa baiskeli,
imevimba ubavu kama mbuzi aliyekula unga mbichi.
"Nilimwambia mama. Mara tatu."

Asubuhi nikachukua ufunguo namba kumi na nne,
nikalegeza, mafuta yakashuka kwenye bidoni niliyoikata.
Nikaliweka betri kando yake, juu ya gazeti.
"Mama Nankafu, mwizi wako huyu hapa.
Analala ndani ya gari lako tangu Pasaka."

Aliliangalia muda mrefu.
Aliuliza bei.
Akahesabu noti, akazihesabu upya, akaondoka,
na Zihalirwa hakupewa neno lolote,
hata lile fupi la pole.
Cirhuza ndiye aliyempa sigara.

Betri tulilibadilisha Jumanne, na mafuta mapya.
Sasa anazima mlangoni pa hospitali.
Asubuhi anahesabu hadi hamsini kabla ya kuondoka,
kwa sauti, kama mtoto wa shule, ili nimsikie.
Lita moja na nusu imerudi.

Ile moja na nusu nyingine
bado inaungua kila usiku, pale kwenye kona,
mguu chini, macho kwenye kioo.
Nimefungua sanduku langu lote, hadi chini kabisa.
Ufunguo wa namba hiyo sina.