Bado

Usipoziba ufa utajenga ukuta.
Kwetu ukuta ulikuwepo tayari, miaka mia mbili,
mawe meusi ya machimbo yaliyopangwa bila saruji,
na Idwal akaufuata kwa gari
Jumanne, mchana kweupe, akisema barabara imepinda.
Barabara haikupinda. Ni macho.

Gari letu lina magurudumu matatu na halina bati.
Mwili wote ni faibaglasi: hauli kutu,
haubonyei, hauombi nyundo.
Ukigongwa hupasuka kama ganda la yai.
Madigadi ya kushoto nililetewa kwenye ndoo ya makaa,
vipande kumi na vinne. Nikavihesabu mezani
kama mtu anayehesabu chenji asiyoiamini.

Fundi wa Porthmadog alitaja bei.
Nikamshukuru, nikakata simu, nikavaa aproni
niliyowapikia watoto wa shule miaka ishirini na sita.

Kwanza msasa. Unakwangua kingo zinyooke, ziwe nyembamba,
zipate pa kushikana.
Vumbi la kioo liliniingia viwikoni;
nilijipaka poda, na bado usiku nikawashwa,
Idwal akauliza gizani, "Unajikuna nini?"
"Kazi yako," nikamjibu.

Maana upande wa ndani nilikuta kiraka cha zamani,
cha mwaka ule alipogonga lango la kanisa
akasema ni kondoo.
Kiraka cha pupa, viputo tele,
tone moja limening'inia kama nta,
na ndani ya tone, alama ya kidole gumba,
kila mstari wake wazi.
Hapo sikupitisha msasa. Nilipazunguka.

Rezini si ngeni kwa mpishi.
Ni kastadi yenye hasira:
ukizidisha dawa inachemka yenyewe kikombeni,
inafuka moshi, inaganda na brashi yako ndani.
Ukipunguza, inanata siku tatu
kama mtoto mwenye mafua.
Na huku mvua hainyeshi, inaishi.
Niliingiza hita gerejini, nikaingiza blanketi,
nikaingiza na mashine ya kukaushia nywele ya dada yangu Mair,
ambayo hadi leo hajaiulizia.

Mkeka wa kwanza wa nyuzi, rezini, rola.
Mkeka wa pili. Viputo unavifukuza
taratibu kuelekea ukingoni, kama kuku jioni.
Kisha puti. Kisha msasa wa themanini,
wa mia mbili arobaini, wa mia nne kwa maji,
mpaka jicho langu likasema: basi.

Wiki nzima Idwal alikaa jikoni na redio, hakutia neno.
Alhamisi akaja na soksi, akipapasa ukuta,
akaweka kiganja juu ya madigadi.
Kikaenda. Kikarudi. Kikasimama.
"Hapa."
"Hapana kitu hapo."
"Bado."

Nikapuliza rangi nyeusi, nyepesi kama pumzi,
nikapiga msasa tena. Kote ikaondoka
ila pale: weusi umetulia bondeni,
upana wa kijiko cha chai.
Nilitukana kwa maneno ya marehemu mama yangu.
Puti. Msasa. Kiganja.
"Bado."
Ijumaa, bado. Jumamosi, bado,
na pale karibu na taa, napo bado.

Krimu niliyopata dukani imepauka kuliko ya gari.
Mwenye macho ataona. Sikumwambia.
Jumapili kiganja kilitoka kwenye boneti,
kikashuka, kikapita palipovunjika
bila kupunguza mwendo,
kikafika kwenye taa, kikazunguka, kikarudi.
"Haya," akasema. "Ni wapi ulipotengeneza?"

Funguo zilikuwa mfukoni mwa aproni.
Nikamfungulia mlango wa kushoto.
Alisimama kidogo mvuani,
kisha akainama, akaingia,
akautafuta mkanda
kwa mkono ule ule.